Neno "Boom" na Kitenzi "Kuvuma": Ngurumo, Sifa na Uvumi katika Nchi ya Dhahabu ya Geita na Shinyanga

Mtu afasiriye kwa Kiswahili historia ya dhahabu ya Tanganyika hana budi kukutana mapema na neno la Kiingereza "boom". Waandishi wa Kiingereza hulitumia kwa miaka ile ya 1930 ambapo watu walimiminika kwenda machimboni, na wakalitumia tena kwa miaka ya 1990. Wafasiri wengi huliandika "ustawi wa ghafla" au "neema", wakaendelea na kazi yao. Tafsiri hiyo si kosa, lakini imeondoa sauti yote ndani ya neno, kwa kuwa "boom" kwa asili yake ni ngurumo: ni mlio mzito, wa chini, wenye mwangwi. Na Kiswahili kinalo neno lake lililotoka katika ngurumo likaenda mbali vilevile, ingawa kwa njia yake. Neno hilo ni kuvuma.

Asili ya neno la Kiingereza haina utata mkubwa. Ni neno la kuiga sauti, na ndugu zake wamo katika Kiholanzi na Kijerumani. Katika Kiingereza cha karne ya 15 lilitumika kwa mlio wa nyuki. Baadaye likapanda cheo, likawa mlio wa mzinga wa vita, wa mawimbi yapigayo mwamba, na wa ndege mmoja wa matete ambaye sauti yake husikika mbali kuliko umbo lake lingemfanya mtu adhani. Maana ya mali ilikuja nyuma sana, huko Marekani, katika miaka ya 1870. Wako walioieleza kwa mfano wa mto uliofurika ungurumao ukibeba kila kitu, na wako waliosema kwamba lililokusudiwa ni lile boriti la chombo cha tanga liitwalo vilevile "boom". Hilo la pili lina asili nyingine kabisa: ni neno la Kiholanzi lenye maana ya mti. Wala lisichanganywe na jahazi la Ghuba liitwalo bum, ambalo jina lake ni neno la Kiarabu lenye maana ya bundi. Ni maneno matatu yaliyokutana katika sauti moja bila udugu, na yeyote atungaye kamusi hana budi kuyapa vidahizo vitatu.

Jamaa wa mbali wa ngurumo hii wameingia katika Kiswahili kwa mlango mwingine. Kiyunani kilikuwa na neno "bombos", mlio mzito, ambalo Kilatini kililichukua kuwa "bombus". Kutokana nalo lugha za kusini mwa Ulaya zilipata "bomba", na Wareno wakaitumia kwa vitu viwili: kombora lipasukalo, na chombo cha kuvuta maji. Kiswahili kimelipokea neno la Kireno kwa maana ya pili, nalo likakaa pamoja na meza, bendera, leso na mvinyo, hata leo hakuna anayelihisi kuwa geni. Bomu limekuja baadaye, kwa nguvu ya Kiingereza. Basi mgodini, ambako chini ya ardhi hapana budi maji yavutwe na mwamba upasuliwe, bomba na mlipuko ni watoto wa mlio mmoja. Mchimbaji asimamaye Nyarugusu akisikiliza bomba likivuta maji ya duara lake asubuhi na baruti ikilipuka jioni, anasikia pande mbili za historia ya neno moja.

Lipo jambo dogo hapa lenye kupendeza. Ulaya neno lilitoka kwa nyuki likafika kwenye silaha kwa njia ya sauti. Waswahili nao walitoka kwa nyuki wakafika kwenye silaha, maana mzinga ni nyumba ya nyuki na mzinga ni silaha kubwa ya moto. Ila wao walipita njia ya umbo, kwa kuwa vyote viwili ni kitu cha mviringo kilicho wazi ndani. Mmoja alisikiliza, mwingine alitazama.

Maneno ya Kiswahili ya ngurumo ni mengi, wala hayabadilishani nafasi ovyo. Kunguruma ni kwa simba na kwa mawingu. Kurindima ni kwa ngoma na kwa bunduki nyingi zikipigwa mfululizo. Kishindo ni cha kitu kilichoanguka au kilichokanyaga. Radi, iliyotoka katika neno la Kiarabu la ngurumo, imehama hata ikawa ni ule moto upigao mti. Kuvuma ni kwa sauti isiyokatika: upepo, bahari, nyuki, ngoma inayosikika kutoka kijiji cha pili. Mwenye kunguruma yuko mbele ya msikilizaji, naye hutazamwa kwa hofu. Kinachovuma mara nyingi hakionekani. Hii ndiyo tofauti iliyofanya kitenzi kimoja kiendelee na safari na kingine kibaki nyumbani. Magazeti ya Tanzania husema kwamba kiongozi fulani "atanguruma" mjini Geita, yaani atahutubia kwa sauti kali; lakini hasemwi kuwa na sifa kwa sababu amenguruma. Jina lake, kama limeenea, limevuma.

Kutoka kuvuma kwa upepo hata kuvuma kwa jina hakuna hatua ya kushangaza, kwani vyote viwili hufika mahali ambapo chanzo chake hakipo. Methali zimeshika maana zote mbili kwa pamoja. "Ngoma ivumayo haidumu" haina ladha kama kuvuma kwake ni mlio tu, wala kama ni sifa tu. "Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo" huanza na bahari, ambayo yenyewe yavuma, ikaishia kwa sifa za mmoja zinazowafunika wenziwe. Halafu likaja tawi la tatu: uvumi, yaani habari isiyo na mwenyewe. Basi kitenzi kimoja kimezaa mvumo wa maji, sifa za mtu, na maneno ya mitaani.

Mwendo huu haumo katika Kiswahili peke yake. Katika Kizulu, "-duma" ni kunguruma kwa mbingu na vilevile ni kuwa na sifa kubwa. Mtu mashuhuri huelezwa kwa kitenzi kilekile cha radi. Haidaiwi hapa kwamba "-duma" ya Kizulu na "-vuma" ya Kiswahili ni neno moja. Maneno ya kuiga sauti hayafuati kwa utii kanuni za mabadiliko ya sauti, na Kizulu chenyewe kina "-vuma" nyingine, maana yake kukubali. Kilicho sawa ni njia ya maana. Kiarabu nacho kutoka shina moja kina sauti na kina "sit", yaani sifa iliyoenea. Kilatini kilikuwa na "rumor", kelele, ambayo Kiingereza kimeifanya uvumi. Yaonekana kwamba watu wa lugha nyingi walilisikia jina la mtu mkubwa kabla ya kumwona, wakaona kwamba limewafikia kama ngurumo.

Ila "boom" ya Kiingereza iligeuka njiani. Haikuishia kwenye jina, iliishia kwenye fedha. Na hapa ndipo nchi ya dhahabu inapotoa ushahidi ambao kamusi peke yake haiwezi kuutoa.

Dhahabu ya kusini mwa Ziwa Viktoria ilijulikana kwa Wajerumani tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, lakini mgodi wao wa kwanza wa maana ulikuwa Sekenke, upande wa Singida, ulioanza 1909. Baada ya vita vya kwanza, watu walikwenda Lupa, kusini magharibi mwa nchi. Geita ilingoja. Kilichoifungua hakikuwa mwamba, maana mwamba ulikuwapo siku zote. Ilikuwa ni bei. Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na mwanzoni mwa 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mawe ambayo jana hayakulipa gharama ya kuyasaga, leo yakalipa. Kakamega, nchini Kenya, ilikuwa imekwisha kuvuta watu tangu 1931. Mgodi wa Geita ukaanza kutoa dhahabu 1936, ukaendelea miaka 30, ukafungwa 1966. Bei ilikuwa bado ni zile dola 35 za 1934, huku mishahara, mafuta na vyuma vikipanda kila mwaka. Ikiwa "boom" maana yake ni ustawi wa fedha, basi ya Geita ilianza na tarakimu moja na ikafa na tarakimu ileile.

Hiyo ndiyo hesabu ya kampuni. Lakini mtu aliyetoka kijijini na jembe lake hakusoma bei ya London. Yeye alisikia. Habari zilimfikia kwa mchukuzi, kwa ndugu aliyerudi, kwa mfanya biashara wa pamba, na neno la Kiswahili la tukio hilo ni kwamba dhahabu imevuma. Hapa kitenzi hakisemi kwamba watu wametajirika; chasema kwamba habari imefika. Kwa hiyo afasiriye "boom" kwa kuvuma hapati maana ya fedha, na afasiriye kuvuma kwa "boom" huwapa watu utajiri ambao hawakuupata.

Almasi ya Shinyanga yafaa kuwekwa kando ya dhahabu ili jambo hili lionekane. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliugundua mwamba wa almasi wa Mwadui mwaka 1940. Sifa za Mwadui zilivuma duniani, hasa baada ya almasi ya rangi ya waridi iliyotolewa zawadi kwa Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947. Lakini mahali penyewe pakazungushiwa uzio na walinzi. Mwadui ilivuma bila kuleta mmiminiko wa wachimbaji kama ule wa Lupa au Kakamega. Katika Kiingereza, kilichotokea ni "boom" kamili, kwa hesabu za mapato. Katika maisha ya vijiji vya jirani, ulikuwa mvumo usikikao ng'ambo ya uzio.

Kuhusu vitenzi, ni vyema pia kuonya juu ya kuvumbua, kwa kuwa kusikika kwake kando ya kuvuma kumewapoteza baadhi ya watu. Kuvumbua si mtoto wa kuvuma. Ni kinyume cha kuvumbika, yaani kufukia kitu katika majivu au udongo, kama mtu avumbikavyo ndizi ili ziive. Mwenye kuvumbua amefukua kilichofukiwa. Kwa dhahabu neno hili lafaa mno, na yamkini hakuna lugha iliyo na kitenzi bora cha kazi hiyo. Kwa onyo lilelile, jina la machimbo ya Kukuluma, katika eneo la mgodi wa Geita, lisihusishwe na kunguruma kwa sababu tu silabi zafanana. Kufanana kwa sauti hakuthibitishi udugu. Majina ya mahali katika nchi ya Wazinza na Wasukuma huamuliwa na wazee wenye nchi, si na sikio la mpita njia.

Na kwa Wasukuma kuna jambo la kuvuma ambalo lilikuwapo kabla ya mgodi. Mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyoanza karne ya 19 chini ya waganga wachezaji Ngika na Gumha, hayaamuliwi na ustadi wa miguu peke yake. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi kutoka upande wa mwenziwe. Ngoma iliyovuma ni ile iliyohamisha watu. Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yamehifadhi ngoma na vyombo vya vyama hivi. Mtu aliyekulia katika desturi hiyo hakuhitaji kufundishwa maana ya mvumo wa dhahabu: sauti imesikika, na watu wanahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Mhamo huo ulionekana tena miaka ya mwisho ya 1980, serikali ilipolegeza masharti ya uchimbaji mdogo na Benki ya Tanzania ikaanza kununua dhahabu kwa bei iliyokaribia ile ya soko. Wachimbaji walijaa Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa, na Bulyanhulu katika Kahama. Wakati huu lugha ya machimbo ilijitungia maneno yake. Kiingereza kilikuwa mlangoni kikiwa na neno "boom", lakini wachimbaji hawakulichukua. Walichukua rashi, kutoka neno la Kiingereza la kukimbilia. Na wenye kupenda neno la nyumbani husema mlipuko. Mlipuko wa dhahabu hauna baruti ndani yake: ni habari kwamba mahali fulani mwamba umeonyesha, na kesho yake mahema yamesimama. Yaani wachimbaji, bila kusoma historia ya "boom", waliitunga upya kwa Kiswahili, wakitoka kwenye kishindo wakafika kwenye mmiminiko wa watu. Wala hawakuishia kwenye fedha, maana rashi nyingi humwacha mchimbaji alivyokuja.

"Boom" yenyewe imeingia Tanzania kwa mlango mwingine kabisa. Wanafunzi wa vyuo vikuu huita bumu zile fedha za kujikimu wanazopokea kwa mkupuo. Hapo ndipo ngurumo ya nyuki wa karne ya 15 imekomea: katika foleni ya chuo. Ni neno la mzaha, lakini ni ushahidi halali kwamba Kiswahili kilipolihitaji neno la fedha ya ghafla kililikopa hilo, na kilipolihitaji neno la habari ienezayo watu kilikuwa nalo tayari.

Kutoka hapo hapana budi kurudi kwa uvumi, kwa kuwa katika machimbo neno hili si la kuchezewa. Katika mnyumbuliko wake wa asili, uvumi ni jina tu la kile kinachovuma. Hakina hukumu ya uongo ndani yake. Kamusi za karne ya 20 zimeuelekeza kidogo kidogo kwenye habari zisizo na uhakika, na lugha ya afisi imemaliza kazi hiyo: siku hizi kusema "huo ni uvumi" ni kusema kwamba si kweli. Lakini kwa mchimbaji mdogo uvumi ulikuwa ndio ramani yake. Hakuwa na mashine ya kutoboa mwamba wala picha za kutoka angani. Alikuwa na maneno ya watu, aliyoyapima kwa kumtazama aliyeyaleta. Akiambiwa leo kwamba alifuata uvumi, ameambiwa kwamba alikuwa mjinga, ilhali yeye mwenyewe, kwa neno hilohilo, angesema tu kwamba alisikia.

Ubaya wa kuhama huku kwa maana ulionekana Bulyanhulu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo ili kampuni ichukue nafasi, na mgodi mkubwa ukafunguliwa 2001. Yalitolewa madai mazito kwamba mashimo yalifukiwa huku baadhi ya watu wakiwa bado chini. Serikali na kampuni ziliyakanusha. Si kazi ya uchunguzi wa maneno kuamua shauri hilo. Lakini ni kazi yake kuona kilichotendwa na neno. Habari isiyo na karatasi, iliyopita mdomo kwa mdomo kwa watu ambao makambi yao yalikuwa yamekwisha kutawanywa, kwa Kiswahili haikuwa na jina jingine ila uvumi. Na jina hilo, kwa maana yake mpya, lilikuwa limekwisha kuikataa kabla haijasikilizwa. Aliyetaka kusema "ndivyo tulivyosikia" alijikuta amesema "labda si kweli". Mwandishi wa historia akusanyaye masimulizi ya wazee wa Kahama hana budi kuuliza, kila neno hili litokeapo, kama msemaji anatumia uvumi wa baba zake au uvumi wa afisini. Na akiandika kwa Kiingereza asikimbilie "rumour". Mara nyingine "habari" ndiyo tafsiri ya kweli.

Kamusi zaweza kusaidia kwa jambo dogo. Chini ya kuvuma, maana ya sauti, maana ya sifa na maana ya habari ziwekwe kwa mfuatano wake, na chini ya uvumi itajwe kwanza ile maana pana, ndipo ifuate iliyofinywa. Upande wa Kiingereza, "boom" ya mlio ifasiriwe kwa kuvuma au kunguruma kulingana na chanzo cha sauti, na "boom" ya mali iachiwe ustawi wa ghafla. Ila pale ambapo muktadha ni watu kukimbilia machimbo, mlipuko na rashi vistahili kuingizwa, kwa kuwa wenye kazi yao ndio waliovichagua.

Sauti za machimbo nazo zimebadilika. Palipotwangwa mawe kwa mkono sasa kuna karasha, mashine ya kusaga iliyopewa jina kutoka Kiingereza, nayo hunguruma mchana kutwa hata mwenye kutaka kusema hana budi kuinama sikioni mwa mwenziwe. Mwaka 2019 serikali ilifungua masoko ya madini, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo, na tangu hapo muuzaji aliye mjini husoma bei ya siku ukutani. Bei, basi, haivumi tena. Mahali palipoonyesha mwamba mpya, huko porini kati ya Kahama na Geita, bado hapajulikani kwa njia nyingine.